Christian Doppler na Sauti Ipitayo

Asimamaye kando ya barabara, gari la zimamoto lipitapo na king'ora chake, husikia sauti nyembamba likija na sauti nzito likiisha kumpita. Dereva aliyemo ndani hasikii badiliko lolote. Aliyelieleza jambo hili ni Christian Doppler, aliyezaliwa Salzburg, Austria, mwaka 1803, na twaona yafaa habari zake zijulikane huku visiwani.

Baba yake alikuwa mwashi wa mawe. Mwana, kwa udhaifu wa afya, hakuiweza kazi hiyo, akaingia katika hesabu. Elimu haikumpa riziki upesi: mwaka 1835 alikwisha kuuza vitu vyake ahamie Marekani, ndipo akapata kazi ya ualimu Prague.

Tarehe 25 Mei, 1842, alisoma makala yake mbele ya wasikilizaji wachache mno. Alisema kuwa chanzo cha sauti kikisogea, mawimbi ya mbele yake hubanana na ya nyuma huachana. Msikilizaji akisogea, mambo ni yale yale. Na nahodha yeyote wa mashua anajua kwamba ukiyaelekea mawimbi hukugonga mara nyingi, ukienda nayo hukugonga kwa nadra.

Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot, ambaye hakuwa amesadiki, alipakia wapiga tarumbeta katika garimoshi karibu na Utrecht, na kando ya reli akaweka wanamuziki wenye masikio makini. Mwezi Februari theluji ilimharibia kazi. Mwezi Juni Doppler alithibitika. Kwa mwendo wa kilomita 61 kwa saa, sauti ya mitetemo 440 kwa sekunde husikika kama 463 garimoshi likija, na 419 likienda.

Hata hivyo Doppler alikosea alipodhani kuwa rangi za nyota zatokana na mwendo wao. Nyota hazina kasi ya kutosha.

Huko Prague alilemewa na kutahini mamia ya wanafunzi, akashutumiwa kwa ukali, akaugua. Wenye madaraka ya elimu watuwie radhi: mwalimu aliyefukiwa na karatasi za mitihani atafanya utafiti saa ngapi? Vienna ilimpa uongozi wa taasisi mpya ya fizikia mwaka 1850, mapafu yakiwa yamekwisha kuharibika. Alifariki tarehe 17 Machi, 1853, akiwa na miaka 49, huko Venice, mji uliojengwa juu ya visiwa, alikokwenda kutafuta hewa ya joto.