Ehrenberg: Jamaa aliyesoma bahari kwa tone moja la maji

Ukisimama kwenye roshani za juu pale Nyayo Highrise, unaliona Bwawa la Nairobi. Kusema kweli unaona gugumaji tu, maana maji yenyewe yamefichika. Wazee wa mtaa husema zamani watu walikuja hapa wikendi kuendesha mashua za tanga. Siku hizi ukipita karibu unafunga pua na kuongeza mwendo.

Juzi mtoto wa jirani, yuko Gredi ya 6, aliniuliza kama ndani ya yale maji kuna kitu kinachoishi mbali na mbu. Nikamwambia nitamjibu kesho. Mimi niliacha chuo zamani, na hadubini mara ya mwisho niliiona nikiwa sekondari, tena tukiipigania watu kumi. Basi usiku nikaingia mtandaoni kutafuta jibu la haraka, nikakutana na msee anaitwa Christian Gottfried Ehrenberg. Maze, sikulala mapema.

Ehrenberg alizaliwa tarehe 19 Aprili 1795 huko Delitzsch, mji mdogo karibu na Leipzig, Ujerumani. Alianza kwa kusomea mambo ya dini, akayaacha, akahamia udaktari Berlin. Kwetu hapa familia ingeitisha kikao. Hata huko kwenye udaktari roho yake ilikuwa kwingine: tasnifu aliyoandika mwaka wa 1818 haikuhusu wagonjwa, ilihusu kuvu na uyoga wa viunga vya Berlin. Ndani yake alieleza aina zipatazo 60 ambazo sayansi ilikuwa bado haizijui.

Huko Berlin ndiko alikompata Wilhelm Hemprich, mwanafunzi mwenzake wa udaktari, mdogo wake kwa mwaka mmoja. Walikuwa chanda na pete. Mwaka wa 1820 wote wawili wakaanza safari ya utafiti iliyodhaminiwa na Akademia ya Sayansi ya Berlin: Misri, jangwa la Libya, Nubia hadi Dongola katika Sudan ya leo, Sinai, Lebanon, Arabuni. Walikusanya ndege, samaki, mimea, matumbawe, kila kitu. Lakini homa iliwafuata njia nzima, na wenzao wa safari wakafa mmoja baada ya mwingine.

Mwishoni mwa 1823 Ehrenberg alikuwa Tor, mji wa pwani ya Sinai. Akaona maji ya ghuba yamegeuka mekundu kama damu. Mtu mwingine angeshangaa, akaenda kuwasimulia wenzake. Yeye alichota maji hayo akayaweka chini ya hadubini. Akaona nyuzi ndogo sana zimefungamana kama vifurushi vya nywele. Baadaye alizipa jina Trichodesmium erythraeum, na watu wengi wanaamini kwamba ndizo zilizofanya Bahari ya Shamu iitwe pia Bahari Nyekundu.

Sasa hizo nyuzi si mambo ya Misri pekee. Zipo hata katika maji ya pwani ya Kenya na Tanzania, na hutapakaa sana msimu wa kaskazi. Ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na wana kipaji ambacho viumbe wengi hawana: wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Maji ya juu ya bahari zetu za joto mara nyingi hukosa mbolea hiyo, kwa hivyo wakifanya kazi yao, viumbe wengine wadogo nao wananawiri.

Kundi zima la viumbe hawa wanaoelea na kupelekwa na mkondo ndilo linaloitwa planktoni. Wale wanaotumia jua huliwa na wanyama wadogo wanaoelea, wanyama hao huliwa na dagaa, dagaa huliwa na jodari. Yule papa potwe wa Mafia, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anashiba kwa kuchuja vitu hivi vidogo. Tena karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa na viumbe duniani kwa kutumia jua inatoka baharini, na sehemu kubwa ni kazi ya planktoni. Kwa hivyo hata wewe unayesoma hii ndani ya matatu umefungana mitaa ya Mbagathi, bahari inakuhusu.

Turudi kwa jamaa yetu. Mwaka wa 1825 safari iliwafikisha Massawa, katika Eritrea ya leo. Homa ikampata Hemprich. Alifariki tarehe 30 Juni, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 29. Ehrenberg alirudi Ujerumani bila rafiki yake, akiwa na makumi ya maelfu ya sampuli.

Angeweza kujichukulia sifa zote, nani angemuuliza? Lakini kazi kubwa iliyotokana na safari hiyo, Symbolae Physicae, ilitoka kwa majina ya wote wawili. Aina moja ya hondohondo wa pande hizi aliipa jina la Hemprich. Ndege huyo yupo hadi leo, na hapa Kenya huonekana kwenye majabali ya Baringo.

Baada ya hapo Ehrenberg alijifungia na hadubini yake. Mwaka wa 1838 alitoa kitabu kikubwa cha viumbe wadogo chenye kurasa 64 za michoro. Aligundua kwamba kuna mawe yaliyotokana na magamba ya viumbe hao waliokufa na kurundikana chini ya maji kwa miaka mingi. Ukipita Kariandusi, karibu na Gilgil, yale mawe meupe yanayochimbwa pale ni ya aina hiyo. Charles Darwin naye alimpelekea vumbi lililoangukia meli katika Atlantiki, na Ehrenberg akakuta ndani yake mabaki ya viumbe wadogo.

Lakini pia alichemsha, na si kidogo. Aliwalisha wale wadogo rangi, akaona madoa ndani ya miili yao, akaamua kwamba hayo ni matumbo mengi na kwamba kila mmoja ana viungo kamili kama wanyama wakubwa. Mfaransa Félix Dujardin akampinga hadharani, na Dujardin ndiye aliyekuwa sahihi. Ehrenberg hakukubali kirahisi. Hata hivyo maelezo yake yakafifia huku michoro na sampuli zake zikidumu. Zimehifadhiwa Berlin, na watafiti wanazitumia mpaka sasa. Alifariki tarehe 27 Juni 1876. Neno planktoni lenyewe lilikuja 1887, likitolewa na Mjerumani mwenzake, Victor Hensen. Yaani aliwasoma maisha yake yote kabla hawajapata jina hilo.

Kesho yake nilimjibu yule mtoto. Nikamwambia ndiyo, mle ndani kuna viumbe kwa mamilioni, ila hawaonekani kwa macho. Akauliza kama uchafu hauwaui. Nikamwambia ukweli: wengine hufa, wengine hunenepa kwa uchafu, wakazaana kupita kiasi, na wakifa wanaoza na kumaliza oksijeni ya maji, samaki wakakosa pumzi. Nikamwonyesha kwenye ramani ya simu jinsi maji ya bwawa letu yanavyotoka na Mto Ngong, yakaingia Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, mpaka Sabaki unapomwagika baharini karibu na Malindi. Alifuata ule mstari kwa kidole mpaka mwisho.

Halafu akaniuliza hadubini ni pesa ngapi. Sijui bei, lakini nimeanza kuulizia.