Shaaban Robert: karani wa Tanga, vitabu vyake na watoto wake



Agosti ni mwezi wa likizo ya shule. Kwa sisi tunaoandika vitabu na kuviuza wenyewe, ni mwezi wa mvutano nyumbani. Watoto wanataka kutoka. Kitabu nacho kinataka kupelekwa kwa walimu na madukani kabla muhula wa tatu haujafunguliwa. Mzazi ni yule yule, na pesa ya nauli ni ile ile. Kila nikiliwaza jambo hili humkumbuka mtu aliyeandika zaidi ya miaka thelathini huku mchana ana kazi ya serikali na jioni ana aila inayomngoja. Huyo ni Sheikh Shaaban Robert wa Tanga.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Jina la Robert limewababaisha wengi wakadhani alikuwa Mkristo. Robert lilikuwa jina la baba yake tu. Mwenyewe alikuwa Muislamu. Asili ya wazee wake ni Uyao, lakini yeye alijihesabu Mswahili, na hakuna aliyeipigania lugha hii kumshinda.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926. Wanafunzi waliopata cheti cha kumaliza masomo walikuwa kumi na mmoja, naye alishika nafasi ya pili. Elimu yake ya darasani iliishia hapo. Hakwenda Makerere wala Uingereza. Nalisema hili kwa ajili ya vijana wetu wanaodhani kwamba bila digrii mtu hana haki ya kushika kalamu.

Mwaka huo huo wa 1926 akaajiriwa ukarani katika idara ya forodha. Alikaa huko mpaka 1944, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo, Pangani ikiwa mojawapo. Kisha akapelekwa Mpwapwa, bara, katika idara ya mifugo, wakati Vita Kuu ya Pili ingali ikiendelea. Anayeijua Pwani na anayeijua Mpwapwa ataelewa uzito wa kuhamisha aila kutoka penye bahari hadi penye vumbi. Alirudi Tanga 1946, akatumika ofisi ya wilaya hadi 1952, halafu ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Jumla ni miaka 34 ya kuamka asubuhi kwenda kazini kwa mshahara wa karani wa Kiafrika chini ya Mwingereza.

Vitabu aliviandika katika masaa yaliyobaki. Alianza kujulikana kwa mashairi yake katika gazeti la Mambo Leo, gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza 1923 na kusomwa mpaka vijijini. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya mwandishi mpya ya kujitangaza zama hizo: kupeleka shairi gazetini, kusubiri litoke, na kungoja washairi wenzake wajibu. Jina lake lilikuwa limeshafika mbali kabla hajatoa kitabu hata kimoja.

Na nyumbani je? Mke wake wa kwanza aliitwa Amina. Alifariki akiwa bado kijana, akamwachia mumewe watoto wadogo. Shaaban Robert alimwandikia shairi la maombolezo ambalo mpaka leo lasomwa mashuleni, na wengi wanaolighani hawajui kwamba lilitungwa na mjane mwenye watoto mkononi. Alioa tena, na katika maisha yake alioa mara tatu.

Kwa watoto hao alifanya jambo ambalo mimi naliona ndilo jibu lake kwa swali letu. Binti yake alimtungia utenzi wa Hati. Mwanawe wa kiume akamtungia utenzi wa Adili. Ndani yake mna mawaidha ya dini, adabu, kazi, ndoa na kukaa na watu. Sisi wa Pwani tunaijua mila hiyo. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua siku zake zimekaribia. Shaaban Robert akaifuata njia hiyo hiyo, ila yeye akamkumbuka na mtoto wa kiume. Kwake mtoto hakuwa kizuizi cha kuandika. Mtoto alikuwa msomaji wake wa kwanza.

Zipo pia barua zake kwa ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, alizoandika kati ya 1931 na 1958. Yusuf alizihifadhi, na zilichapishwa kuwa kitabu 2002 huko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayezisoma haoni mtu wa vitabu upande huu na mtu wa nyumbani upande ule. Habari za ukoo, afya, fedha na miswada zimo pamoja, kama zinavyokaa katika kichwa cha mzazi yeyote.

Sasa tuje kwenye upande uliomsumbua: kuchapisha. Diwani yake ya Pambo la Lugha ilitolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, 1948. Kusadikika ilitolewa na kampuni ya Nelson 1951, na Adili na Nduguze ikatoka Macmillan 1952. Tazama miji hiyo. Mtu wa Tanga anaandika Kiswahili, wasomaji wake wako Tanga, Unguja, Mombasa na Lamu, lakini mwenye kuamua kitabu kitoke au kisitoke yuko Johannesburg au London, na barua huenda kwa meli. Alipewa tuzo ya Margaret Wrong, na serikali ya Uingereza ikampa nishani ya MBE. Lakini nishani hainunui unga.

Mwishowe alijaribu kujichapishia mwenyewe hapo hapo Tanga, kwa jina la Art and Literature. Vitabu kadhaa vilitoka kwa njia hiyo, Almasi za Afrika kikiwa kimoja, mwaka 1960. Mwenzangu uliyechapisha kwa pesa zako na kuweka makatoni chini ya kitanda, wewe si wa kwanza. Aliyekutangulia ndiye huyu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili.

Alistaafu 1960, na Juni 1962 akafariki, umri wake miaka 53. Tanganyika ilikuwa na miezi sita tu ya uhuru. Miswada mingi aliiacha ndani. Kufikirika aliiandika 1946, ikachapishwa 1967, baada ya miaka 21. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti elfu kadhaa juu ya vita vya dunia, nao ulitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Vitabu hivyo vimesomwa na vizazi vya wanafunzi Afrika Mashariki nzima, na mwenyewe hakuviona hata jalada.

Nayaandika haya nikiwa Kakamega kwa mashemeji zangu, nimekuja na mke, watoto watatu na katoni moja ya kitabu changu cha kwanza. Kabla ya kupanda basi Mombasa tulikubaliana: asubuhi mbili ni za kitabu, siku nyingine zote ni za watoto. Asubuhi ya kwanza duka moja mjini lilipokea nakala kumi kwa mali kauli. Ya pili nilikwenda Mumias, ambako Uislamu na Kiswahili vilifika na wafanyabiashara wa Pwani karne ya kumi na tisa, zama misafara ikipumzika kwa Nabongo. Huko nilikuta wazee wanaouliza habari za vitabu vya Kiswahili kama watu wa Mvita tu, nikauza nakala saba kwa pesa taslimu.

Baada ya hapo katoni ilifungwa kamba. Tumekwenda msituni kuwatazama mbega na kima juu ya miti ambayo huku Kenya haipatikani penginepo. Tumeliona jiwe la Ilesi linalotiririka maji kama mtu anayelia, na kila alasiri tumenyeshewa mvua barabara. Mwanangu mdogo ameniambia niandike hadithi ya jiwe hilo. Duka halingenipa wazo hilo.

Kuna waandishi wenzangu watakaosema asubuhi mbili ni chache, kwamba kitabu kipya kisipokimbizwa katika miezi yake ya mwanzo hufa. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Kusadikika ina zaidi ya miaka 70 na bado yauzwa. Utoto wa mwanao una likizo zisizozidi kumi na tano, na wewe unajua zimebaki ngapi.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni lile la miswada iliyobaki ndani. Kwa sheria ya Kenya, haki ya kitabu hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi kitabu ni mali kama shamba au nyumba, na kwa sisi Waislamu mali ina mirathi yake. Hata hivyo, ni wangapi kati yetu ambao mke au watoto wao wanajua mkataba uko wapi, mswada uko katika kompyuta gani, duka gani linadaiwa na kiasi gani? Mtu huacha minazi kumi ikagawanywa mbele ya kadhi, na akaacha vitabu vitano visivyotajwa kabisa.

Kwa hivyo, ewe mwandishi mwenzangu, katika siku hizi chache zilizobaki za likizo fanya mambo mawili. Watoe watoto, hata ikiwa ni Mama Ngina Drive kula mihogo ya kukaanga. Kisha keti na aila yako jioni moja, uwaonyeshe daftari: kitabu hiki nimekichapisha wapi, nakala ngapi zimebaki, nani ananidai na nani namdai. Wasomee na kurasa mbili tatu, wajue baba au mama yao hukaa macho usiku akiandika nini.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Shaaban Robert na Amina wake, na atujaalie sisi kuwaachia watoto wetu maneno yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.