Maurice Ravel: mwana wa injenia aliyefanya saa za Toledo ziimbe

Watu wengi ulimwenguni wanamufahamu Maurice Ravel kwa muziki mmoja tu: Boléro. Lakini mtunzi huyu Mfaransa, aliyefariki Paris mwaka 1937, aliacha pia opera mbili fupi, kila moja ikiwa chini ya saa moja. Ya kwanza, L'heure espagnole, ni kichekesho kinachotokea ndani ya duka la fundi wa saa. Siku ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, waandishi wengi wa magazeti walisema kwamba ni kazi ya mtu asiye na moyo. Leo wapenzi wa opera wanaiweka kati ya vichekesho vizuri kabisa vya muziki wa Ufaransa. Kati ya hukumu hizo mbili kuna maisha ya mtu aliyependa sana kuficha yaliyokuwa ndani yake.

Baba wa mashini, mama wa nyimbo

Ravel alizaliwa tarehe 7 mwezi wa tatu mwaka 1875 huko Ciboure, muji mdogo wa wavuvi katika inchi ya Wabasque, karibu na mupaka wa Hispania. Miezi mitatu tu kisha kuzaliwa kwake, jamaa ilihamia Paris, na huko ndiko alikokulia pamoja na mdogo wake Édouard.

Baba yake, Joseph, alikuwa injenia mwenye asili ya Uswisi. Alivumbua mashini na injini, na alipenda kuwapeleka watoto wake wawili kwenye viwanda waone namna vyuma vinavyofanya kazi. Mama yake, Marie, alikuwa Mbasque aliyekulia Madrid, na alimuimbia mtoto nyimbo za Hispania tangu akiwa mdogo. Wanaotafuta chanzo cha opera inayochanganya Hispania na mashini za saa hawana haja ya kwenda mbali: ilianzia katika nyumba ile.

Akiwa na miaka 7 alianza kujifunza piano. Mwaka 1889 aliingia Conservatoire ya Paris, masomo makubwa ya muziki ya Ufaransa. Hakuwa mwanafunzi wa kupendwa na wakubwa. Aliondolewa mwaka 1895 kwa sababu hakupata zawadi zilizotakiwa, akarudi mwaka 1897 kujifunza utunzi kwa Gabriel Fauré, mwalimu aliyemuamini.

Zawadi aliyonyimwa mara tano

Wakati ule, kijana mtunzi aliyetaka kutambuliwa na serikali ilikuwa sherti ashinde Prix de Rome. Ravel alijaribu mara tano kati ya mwaka 1900 na 1905, na hakupata zawadi ya kwanza hata mara moja. Mwaka 1905, akiwa amekaribia mwisho wa umri uliokubaliwa, waamuzi walimuondoa tangu mtihani wa kwanza, ijapokuwa muziki wake ulikuwa umekwisha kujulikana katika salle za Paris. Zaidi ya hayo, wote waliobaki katika mashindano walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo alikuwa kati ya waamuzi.

Magazeti yaliandika sana. Jambo lilikuwa kubwa hata mkurugenzi wa Conservatoire, Théodore Dubois, akaacha kazi, na Fauré akachukua nafasi yake. Ravel mwenyewe hakulalamika mbele ya watu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kuvaa vizuri sana, mwenye adabu, asiyeonyesha hasira wala huzuni. Tabia hiyo ndiyo iliyowafanya wengi waseme kwamba yeye ni baridi kama chuma, na neno hilo likamufuata hata katika muziki.

Opera iliyoandikwa kwa ajili ya baba

Mwaka 1907, afya ya Joseph Ravel ilikuwa inazidi kuharibika. Baba huyo alikuwa akitamani kumuona mwana wake akifaulu katika teatre, kwa sababu katika Ufaransa ya wakati ule mtunzi alihesabiwa kuwa mkubwa siku kazi yake inapoimbwa kwenye jukwaa la opera. Ravel akachukua mchezo wa mwandishi Franc-Nohain, uliochezwa Paris mwaka 1904, akaanza kuutungia muziki. Kwa desturi alifanya kazi polepole, lakini safari hii alimaliza sehemu za waimbaji na piano katika muda wa miezi michache.

Haraka hiyo haikusaidia. Albert Carré, mkubwa wa teatre ya Opéra-Comique, aliogopa kwamba habari ya mwanamke mwenye wapenzi ingewaudhi watu wa jamaa nzuri waliokuwa wateja wake. Kazi ikakaa ikingoja. Joseph Ravel alifariki mwaka 1908 bila kuiona. Ilifunguliwa tu tarehe 19 mwezi wa tano mwaka 1911, kisha rafiki za Ravel kumushawishi Carré. Kati yao alikuwemo Bibi Cruppi, mke wa waziri, na ni yeye ambaye Ravel alimupa heshima ya kuandikiwa kazi ile.

Habari ya saa, nyumbu na wapenzi

Mchezo unatokea Toledo, Hispania, katika karne ya 18. Waimbaji ni watano tu. Torquemada, fundi wa saa, sherti atoke mara moja kwa juma kwenda kurekebisha saa za muji. Muda huo ndio bibi yake Concepción anaungoja ili akutane na wapenzi wake. Lakini siku ile mteja mmoja, Ramiro, mwenye kusafirisha mizigo kwa nyumbu, amefika kutengenezesha saa yake, na fundi anamuomba amungojee dukani.

Concepción anatafuta namna ya kumuondoa. Anamuomba abebe saa moja kubwa ya kusimama na kuipandisha katika chumba cha juu. Ramiro, mwenye nguvu na roho nzuri, anaibeba kama vile si kitu. Halafu anafika Gonzalve, mpenzi ambaye ni mshairi, lakini badala ya kutumia dakika chache walizo nazo anaendelea kutunga mashairi. Anafika pia Don Iñigo, tajiri mnene wa banki. Wote wawili wanaishia kufichwa ndani ya saa, na Ramiro anazipandisha na kuzishusha bila kujua kwamba kuna watu ndani yake. Kila mara anaporudi, Concepción anamuangalia vizuri zaidi. Mwishoni anamuomba apande tena juu, bila kubeba saa yoyote.

Torquemada anaporudi anawakuta wanaume wawili ndani ya saa zake. Hakasiriki: anawauzia. Tajiri amekwama, na Ramiro ndiye mwenye nguvu ya kumutoa. Wote watano wanasimama mbele ya wasikilizaji na kuimba pamoja funzo la mchezo kwa mwendo wa habanera. Mwendo huo ulifika Hispania kutoka Cuba, kisiwa kilekile ambacho midundo yake ilivuka bahari baadaye na kusaidia kuzaa rumba ya Congo.

Orkestra ndiyo inayocheka

Wasikilizaji wa mwaka 1911 walizoea opera ambamo mwimbaji anasimama na kutoa moyo wake wote kwa sauti kubwa. Jioni ileile, kwenye jukwaa lilelile, walionyeshwa pia Thérèse ya Massenet, habari ya machozi ya wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Kwa Ravel hawakupata kitu cha namna hiyo. Waimbaji wake wanaimba karibu kama watu wanaozungumza, wakifuata Kifaransa cha kila siku. Alikuwa amekwisha kujaribu njia hiyo katika nyimbo zake za wanyama, Histoires naturelles, za mwaka 1907, ambamo tausi, nyenje na kanga wanaelezwa kwa maneno ya kawaida. Nyimbo zile pia zilizomewa.

Katika L'heure espagnole anayechekesha ni orkestra. Mwanzoni duka linasikika likiamka: saa nyingi zinapiga, na Ravel ameweka metronomu tatu zinazokwenda kwa mwendo mbalimbali, kengele ndogo na ndege wa mashini. Mshairi anapofungua kinywa, violoni zinajipamba kupita kiasi pamoja naye. Tajiri anapoingia, vyombo vya sauti nzito vinamutembeza kwa majivuno. Ramiro anapobeba saa, msikilizaji anasikia uzito wake, lakini pia wepesi wa mikono yake.

Wapinzani waliona mashini tupu. Walisema watu wa Ravel ni wanasesere wanaotembea kwa springi. Waliosikiliza tena walitambua jambo lingine. Katika duka lile, mtu mmoja tu hafanani na mashini: Ramiro, anayestaajabia saa na kuona kwamba moyo wa mwanamke ni mashini ngumu kuelewa kuliko zote. Muziki wake unakuwa laini kuliko wa wengine wote. Ravel hakuondoa huruma, aliiweka kwa mtu ambaye wengine walimuona kuwa mbebaji tu.

Vita, na kifo cha mama

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Ravel alitaka kwenda, lakini jeshi lilimukataa juu ya ufupi na wepesi wa mwili wake. Aliendelea kuomba, mpaka mwaka 1916 akawa shofere wa kamio karibu na Verdun, mahali palipoanguka watu wengi sana. Mwanzoni mwa mwaka 1917 mama yake alifariki. Ravel hakuwa na bibi wala watoto, na rafiki zake walisema baadaye kwamba hakupona kabisa kisha msiba ule. Mwaka huo alimaliza Le tombeau de Couperin, muziki wa piano wenye sehemu sita zinazokumbuka rafiki zake waliouawa vitani. Si muziki wa vilio. Una mwendo mwepesi, karibu wa kucheza. Tena wengine waliuona kuwa baridi.

Mwaka 1920 serikali ilitaka kumupa nishani ya Légion d'honneur. Aliikataa.

Wakati huo opera yake ya saa ilikuwa inaanza kusafiri. Iliimbwa London mwaka 1919, Chicago na New York mwaka 1920, kisha mwaka 1921 ikaingia katika Opéra ya Paris, nyumba kubwa kuliko zote za Ufaransa. Wasikilizaji waliocheka bila haya walianza kuwa wengi kuliko waliokunja uso.

Mtoto, saa iliyovunjika na Waafrika wa Madagascar

Opera yake ya pili, L'enfant et les sortilèges, kwa maneno ya mwandishi Colette, ilifunguliwa Monte Carlo mwaka 1925. Mtoto mwenye hasira anavunja vitu vya nyumba, halafu vitu na wanyama wanapata sauti na kumushitaki. Saa ipo tena: mtoto ameivunja kipigo chake, nayo haiwezi tena kunyamaza. Mchezo unaisha mtoto akifunga kidonda cha mnyama mdogo na kumuita mama yake. Hapo hata wapinzani walikubali kwamba mtu huyu ana moyo.

Miaka hiyohiyo alitunga Chansons madécasses, nyimbo tatu juu ya Madagascar. Moja kati yake inawaonya wakaaji wa pwani wasiwaamini wazungu wanaokuja kutafuta inchi. Ilipoimbwa Paris mwaka 1925, Ufaransa ilikuwa inapigana Morocco, na mmoja wa wasikilizaji alitoka akipinga kwa sauti. Ravel hakubadilisha kitu.

Muziki uliobaki kichwani

Mwaka 1928 alizunguka Marekani kwa miezi minne na kupokelewa kwa shangwe, na mwisho wa mwaka huo Boléro ilimufanya ajulikane kila mahali. Alikuwa akiishi Montfort-l'Amaury, nje ya Paris, katika nyumba ndogo iliyojaa michezo ya mashini, ambayo leo ni makumbusho.

Halafu ugonjwa wa ubongo ukaanza. Aksidenti ya taksi mwaka 1932 ilifuatiwa na miaka ya shida iliyozidi. Alisikia muziki vizuri, alitambua kosa la mpiga violoni, lakini mkono haukuweza tena kuandika noti, na hata kuweka sahihi ya jina lake kukawa kazi kubwa. Alikuwa na mpango wa opera juu ya Jeanne d'Arc, haikutoka kichwani. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1937 alipasuliwa kichwa na daktari Clovis Vincent. Alifariki tarehe 28, akiwa na miaka 62, akazikwa Levallois-Perret karibu na wazazi wake.

Opera ya fundi wa saa haikuzikwa naye. Ilirekodiwa tangu mwisho wa miaka ya 1920, kisha na viongozi wa orkestra kama Ernest Ansermet na Lorin Maazel, na mara nyingi nyumba za opera zinaionyesha jioni moja na ile ya mtoto. Anayeisikiliza kwa mara ya kwanza anaweza kuanza na dakika tatu za mwanzo, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Saa zinapiga, hakuna mbili zinazokubaliana, na zote pamoja zinafanya wimbo: mashini za baba, Hispania ya mama, na mwana aliyechelewa kidogo tu kumuonyesha baba yake.