Mfumaji wa Lyon

Siku hizi hakuna mzazi mwenye mtoto shuleni asiyejiuliza mtoto huyo atakula kwa kazi gani. Kazi ya karani, kazi ya mhesabu fedha, hata kazi ya kutafsiri barua, zaanza kufanywa na mitambo isiyougua wala kudai mshahara mwisho wa mwezi. Watu husema jambo hili ni jipya kabisa. Sisi twaona si jipya hivyo. Mtu mmoja wa wale waliolifungulia mlango alizaliwa zaidi ya miaka 270 iliyopita, mtoto wa mfumaji, aliyebatizwa katika Kanisa letu; na jina lake hutajwa hata leo katika maduka ya vitambaa na watu wasiojua kwamba lilikuwa jina la mtu. Twataka kusimulia maisha yake, pamoja na maisha ya jirani zake, maana hayo ya jirani zake ndiyo yatuhusuyo zaidi.

Joseph-Marie Jacquard alizaliwa tarehe 7 Julai 1752 katika mji wa Lyon, Ufaransa. Jina la ukoo wake hasa lilikuwa Charles. Jacquard ilikuwa lakabu ya kutofautisha tawi moja la ukoo na jingine, nayo lakabu ikadumu kuliko jina. Baba yake alikuwa fundi wa kufuma hariri ya maua. Mama yake alikuwa msomaji wa michoro, yaani aliutazama mchoro wa ua na kuugeuza uwe mpango wa nyuzi. Mji mzima uliishi kwa hariri. Nguo za wafalme zilitoka huko, na kasula za mapadre na mapambo ya altare kadhalika.

Yafaa tueleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa hatutaelewa kisa. Katika kitanda cha mfumi, nyuzi za mtande hutandikwa kwa urefu, na uzi wa mshindio hupitishwa katikati yake. Kitambaa kitupu mtu mmoja aweza kukifuma. Lakini akitaka ua, au ndege, au msalaba wa kasula, kila mara apitishapo mshindio hana budi kuinua nyuzi fulani za mtande na kuziacha nyingine, na safari ya pili kuinua nyingine tena. Nazo nyuzi ni mamia kwa mamia. Mfumaji mwenye mikono miwili hakuweza. Basi aliwekwa msaidizi, aghalabu mtoto, kuvuta kamba zilizoinua nyuzi hizo kwa zamu yake. Alivuta tangu alfajiri hata usiku, na kamba zilikuwa na vizito vya kuzirudisha chini. Kwa jasho la watu hao wawili vilipatikana vidole vichache tu vya kitambaa kwa siku. Migongo ya watoto ilipinda kabla haijakomaa. Inasemekana Jacquard mwenyewe aliwekwa katika kazi hiyo angali mdogo, akashindwa kwa udhaifu wa mwili.

Mama yake alifariki mwaka 1762. Shule hakupelekwa, kusoma alijifunza akiwa na umri wa miaka kama 13, kwa msaada wa shemeji yake Barret, aliyekuwa mpiga chapa na muuza vitabu. Mwaka 1772 baba naye akafa, akamwachia nyumba, vitanda vya kufumia na kipande cha ardhi. Mwaka 1778 akamwoa Claudine Boichon, mwanamke mjane, wakapata mwana mmoja. Fedha hazikukaa mkononi mwake; madeni yakamla, mali ikauzwa. Kisha yakaja mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1793 mji wa Lyon uliasi serikali ya Paris, ukazingirwa na majeshi, na Jacquard na mwanawe walikuwa miongoni mwa walioulinda. Mji uliposhindwa walitoroka. Mwana huyo aliuawa vitani baadaye, na baba akarudi Lyon peke yake. Mengine mengi husimuliwa juu ya miaka hiyo, lakini waandishi wa karne iliyofuata walimpamba mtu huyu kama kitambaa chake, nasi twapita bila kuokota kila ua.

Alikuwa amekaribia umri wa miaka 50 alipoanza kujulikana. Mwaka 1801 alipata nishani ya shaba katika maonyesho ya Paris kwa chombo chake cha kufumia. Baadaye akaitwa afanye kazi katika nyumba ya serikali ya kuhifadhia mitambo huko Paris, na humo akaukuta mtambo wa zamani uliotengenezwa na fundi Vaucanson mwaka 1745. Wala Vaucanson hakuwa wa kwanza. Mwaka 1725 Basile Bouchon wa Lyon alikuwa amekwisha kutumia ukanda wa karatasi wenye matundu, na mwaka 1728 Falcon akatumia kadi za karatasi ngumu. Jacquard aliviunganisha vyote. Kila kadi ilitobolewa matundu kwa kufuata mchoro. Penye tundu, sindano ilipita, kulabu ikainua uzi wake; pasipo tundu, sindano ilisukumwa nyuma na uzi ukabaki chini. Kadi zilishonwa moja kwa nyingine kama mnyororo, na kila mfumaji alipokanyaga kikanyagio kadi mpya ilikuja mahali pake. Kazi ya kukumbuka ua, iliyokuwa katika kichwa na mikono ya watu, ikahamia katika karatasi. Hata hivyo mtambo ulikuwa ukikwama mara kwa mara mpaka fundi mwingine, Breton, alipourekebisha, na Breton hana sanamu.

Mwezi wa Aprili 1805 Napoleon alikuwa Lyon, akauona mtambo. Haki ya uvumbuzi ilitwaliwa iwe mali ya mji, si ya mtu mmoja. Jacquard akapewa malipo ya faranga 3,000 kila mwaka maisha yake yote, na faranga 50 kwa kila kitanda cha namna hiyo kitakachoanza kazi katika miaka sita. Uamuzi huu twausifu bila kusita. Mvumbuzi alipata haki yake, na kila mfumaji akaruhusiwa kutumia akili iliyotoka katika jasho la vizazi vya wafumaji. Mitambo ya siku zetu nayo imefundishwa kwa maandishi na picha za watu wasiohesabika, lakini tukiuliza ni mali ya nani, jibu halifanani na lile la Lyon.

Wafumaji hawakushangilia. Husimuliwa kwamba walimtukana barabarani na kuchoma baadhi ya vitanda vyake. Tuwe na haki juu yao: hawakuwa wajinga waliochukia maarifa. Walijua kuhesabu. Mahali palipotaka watu wawili palitaka sasa mmoja, na yule wa pili mara nyingi alikuwa mtoto wa nyumbani aliyeleta sehemu ya mkate.

Na watoto je? Wengi husema mtambo uliwakomboa, na ni kweli kwamba uliwaondolea kamba mikononi. Bali haukuwatia kitabu badala yake. Walitafutiwa kazi nyingine, kwa kuwa nyumba bado ilikuwa na njaa. Sheria ya kwanza ya Ufaransa ya kuzuia watoto wasifanyishwe kazi viwandani ilitungwa mwaka 1841, nayo ilihusu viwanda vyenye wafanyakazi zaidi ya 20, wala haikufika katika vyumba vya wafumaji. Tangu mtambo hata sheria ilipita zaidi ya miaka 35. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa mtambo alikuwa na watoto wake mwenyewe sheria ilipofika.

Tena, kazi haikupungua kama ilivyoogopwa, iliongezeka. Hariri ya maua ikawa rahisi, wanunuzi wakazidi. Kilima cha Croix-Rousse kikajengwa nyumba mpya zenye dari za juu sana, maana mtambo ulisimama mrefu juu ya kitanda. Kufika mwaka 1831 palikuwa na mafundi wenye vitanda wapatao 8,000 na vibarua wapatao 30,000. Ila fundi alinunua mtambo kwa deni, akalipa kodi ya nyumba ndefu, na hariri si yake: tajiri ndiye aliyeileta, ndiye aliyeuza kitambaa, ndiye aliyetaja bei ya kazi. Biashara ikilegea, bei ya kazi hushuka, na deni halishuki.

Mwezi wa Oktoba 1831 mafundi na wajumbe wa matajiri walipatana, mkuu wa mkoa akiwa shahidi, juu ya bei ambayo kazi isilipwe chini yake. Baadhi ya matajiri wakakataa kuifuata. Tarehe 21 Novemba wafumaji walishuka kutoka kilimani, watu wengi wakafa pande zote mbili, na kwa siku chache mji ulikuwa mikononi mwao. Wakaweka walinzi nyumba zisiporwe. Serikali ikaleta askari 20,000, ikamwondoa mkuu wa mkoa na kufuta mapatano. Twawaomba wasomaji waangalie jambo moja: wafumaji hawa hawakwenda kuvunja vitanda. Vitanda vilikuwa vyao. Walichodai ni sehemu yao katika faida ambayo mtambo umeizaa.

Jacquard alikuwa hai bado, mzee wa karibu miaka 80, akikaa Oullins nje ya mji, mwenye nishani kubwa ya taifa kifuani tangu 1819. Aliona pia maasi ya pili ya Aprili 1834, yaliyozimwa kwa mizinga, wakafa mamia. Tarehe 7 Agosti mwaka uleule akafariki, akazikwa hukohuko Oullins.

Wakatoliki wa Lyon hawakulala wote. Mfumaji Pierre Charnier, Mkatoliki, alianzisha mwaka 1828 chama cha mafundi cha kusaidiana. Wafumaji walikuwa na gazeti lao la kila juma tangu 1831 hata 1834; sisi tutoao gazeti la kila juma twajua lilivyowagharimu. Frédéric Ozanam, aliyekulia Lyon, alianzisha Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo mwaka 1833, na aliporudi kufundisha sheria za biashara mjini kwao alifundisha pia habari ya mshahara wa haki. Naye Pauline Jaricot, binti wa tajiri wa hariri, aliwakusanya wafanyakazi wakitoa senti moja kila juma kwa ajili ya misioni. Kutoka hapo kilizaliwa mwaka 1822 Chama cha Kueneza Imani, ambacho sadaka zake zilifika mpaka Afrika ya Mashariki. Basi senti za wafumaji wale zimo katika misingi ya makanisa yetu. Baadaye Pauline alijaribu kuanzisha kiwanda cha chuma huko Rustrel ambamo wafanyakazi wangeishi kwa heshima. Akadanganywa na aliowaamini, akafa maskini mwaka 1862. Alitangazwa Mwenye Heri huko Lyon mwaka 2022.

Barua ya Baba Mtakatifu Leo XIII juu ya wafanyakazi, Rerum Novarum, ilitoka mwaka 1891, miaka 57 baada ya kifo cha Jacquard. Sisi twasema ilichelewa kwa wajukuu wa Croix-Rousse. Mwaka 2025 Papa mpya alipoeleza kwa nini amejiita Leo XIV, alitaja barua hiyo, akataja na mitambo ya siku hizi iigayo akili ya mtu. Safari hii neno limesemwa mapema. Latakiwa kufika katika vyama vya wafanyakazi na mabaraza ya parokia zetu kabla mtoto wa mtu hajapoteza ajira.

Kadi zenyewe zilisafiri. Mwaka 1839 wafumaji wa Lyon walifuma sura ya Jacquard kwa hariri, kwa kadi zipatazo 24,000, hata watu wakadhani ni picha iliyochapwa. Mwingereza Babbage alikuwa na nakala yake, akazitwaa kadi hizo katika mpango wa mtambo wa kuhesabu, ambao hakuumaliza. Mwaka 1890 Wamarekani walihesabu watu wao kwa kadi za matundu za Hollerith, na kompyuta za karne ya 20 zilizitumia kwa miaka mingi.

Mjini Lyon mitambo ya nguvu ilikuja baadaye, kazi ikahama mashambani, na wafumaji wa mkono wakabaki wachache mno, wakirekebisha hariri za majumba ya kale. Sanamu ya Jacquard, iliyosimamishwa mwaka 1840, ilikuwa kwanza bondeni. Siku hizi sanamu yake iko juu, katika uwanja wa Croix-Rousse, kati ya nyumba zile zenye dari ndefu. Zakaliwa na watu wengine, na wengi wao wamejenga ghorofa ndogo ya mbao ndani ya chumba, pale juu mtambo ulipokuwa ukifika.