Siti Binti Saad: Mfinyanzi aliyelitoa taarab kasrini

Kila yanapotajwa majina ya waliolijenga taarab katika upwa wa Afrika Mashariki, jina la Siti Binti Saad hutangulia. Hata hivyo, wengi wanaolitaja hawajui kwamba mwanamke huyo hakuzaliwa katika nyumba ya muziki, wala hakuwa na mali, elimu au ukoo wa kujivunia. Alianza maisha yake akifinyanga vyungu.

Siti alizaliwa karibu mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa asili ya bara waliokuwa katika tabaka la watumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na halikuficha lolote kuhusu hali ya wazazi wake. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka wa 1897, lakini sheria haikufuta dharau. Aliyezaliwa na watumwa aliendelea kutazamwa kama mtu wa chini, hata akiwa huru.

Hapo Fumba alijifunza ufinyanzi, kazi ya wanawake wengi wa shamba. Vyungu vilipokauka na kuchomwa, alivichukua kwenda kuvinadi. Inasemekana kwamba watu waliitambua sauti yake kabla ya kumwona mwenyewe, na wengine walitoka nje kumsikiliza hata kama hawakuwa na haja ya chungu.

Mwaka wa 1911 aliamua kuhamia mjini. Mji wa Unguja wakati huo ulikuwa umegawanyika sehemu mbili. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe ya Waarabu, Wahindi na maofisa wa Kiingereza. Upande wa pili, ukivuka mkono wa bahari, ulikuwa Ng'ambo, kwenye nyumba za udongo na makuti walimoishi wachukuzi, mafundi, vibarua na wengi waliotoka utumwani.

Muziki nao ulikuwa na mipaka yake. Taarab ilikuwa imeletwa kutoka Misri enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, ili kuliburudisha kasri lake. Mnamo 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho wanachama wake walikuwa wanaume, nao waliimba kwa Kiarabu. Watu wa Ng'ambo walikuwa na ngoma zao, na ngoma hizo hazikualikwa kasrini.

Mjini Siti alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyekitambua kipaji chake na kumfundisha kuimba kwa kufuata ala. Hali kadhalika, ingawa alikuwa mtu mzima asiyejua kusoma, alijifunza Kurani na matamshi ya Kiarabu. Baadaye akaungana na wanamuziki akina Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, wakawa kundi moja. Ni katika safari hiyo ya kupanda ndipo jina la Mtumwa lilipoachwa na jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, likachukua nafasi yake.

Kundi hilo lilialikwa harusini, katika majumba ya matajiri na hata mbele ya Sultani Khalifa bin Harub. Lakini Siti hakuhama Ng'ambo. Nyumbani kwake huko, jirani na mpita njia waliweza kukusanyika usiku kusikiliza. Na hapo ndipo alipofanya jambo kubwa kuliko yote: aliimba taarab kwa Kiswahili, lugha ambayo mchukuzi na tajiri wote waliielewa.

Mara tu lugha ilipobadilika, maudhui nayo yakabadilika. Pamoja na mapenzi, nyimbo zake zilibeba habari za mtaani. Wimbo wa Kijiti, ambao ungali unakumbukwa, ulisimulia kisa cha mwanamke mjamzito aliyetoka Dar es Salaam na kuuawa Unguja. Mtuhumiwa alitorokea bara, ilhali wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Katika zama ambazo maskini hakuwa na gazeti wala mwakilishi barazani, wimbo ulikuwa mahali pekee ambapo hukumu kama hiyo ingeweza kuhojiwa hadharani.

Sifa hazikukosa wivu. Mahasimu wake walitunga mashairi ya kumkumbusha kwamba aliingia mjini amevaa kaniki, vazi la watumwa, na wakamkebehi kwa sura yake. Siti hakugombana nao mitaani. Aliwajibu kwa wimbo, akieleza kwamba uzuri wa sura si hoja na kwamba mtu hupimwa kwa tabia na akili yake.

Mwaka wa 1928 alisafiri na kundi lake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Anahesabiwa kuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Kazi haikuwa nyepesi, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ulichukua takriban dakika tatu tu, ilhali wimbo wa taarab huweza kuendelea kwa muda mrefu usiku. Hata hivyo, santuri hizo zilienea visiwani na bara, na zilipigwa kwa gramafoni mikahawani. Mwaka huo huo, wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja iliyodaiwa na wenye ardhi. Watu waliodharauliwa walikuwa wakidai wasikike kwa njia zaidi ya moja.

Siti alifariki Julai 8, 1950. Muda mfupi kabla ya kifo chake, Shaaban Robert alizungumza naye na kuandika wasifu uliochapishwa mwaka wa 1958, ambao vizazi vya wanafunzi vimeusoma. Bi Kidude, aliyeaga dunia mwaka wa 2013, alizibeba nyimbo zake hadi katika majukwaa ya Ulaya. Nacho Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kiliporanzisha jarida lake, kiliipa jina la Sauti ya Siti.

Leo taarab husikika harusini kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, na hakuna anayeshangaa kuwa huimbwa kwa Kiswahili wala kwamba mwimbaji ni mwanamke. Mambo hayo mawili hayakuja yenyewe. Yalifunguliwa njia na mfinyanzi wa Fumba, ambaye jina la kuzaliwa lilimwambia kwamba hana haki ya kusema, naye akaimba.