William Taylor wa Mvita na deni la Mwalimu Sikujua

Ukilitafuta jina la William Taylor utakutana na watu tele, maana kwa Waingereza jina hili ni kama Mohamed Ali kwetu. Yuko William Taylor askofu wa Kimethodisti kutoka Marekani, aliyefanywa askofu wa Afrika mwaka 1884 akaenda kuanzisha misheni Angola. Yuko William Desmond Taylor, mwelekezi wa filamu aliyepigwa risasi Los Angeles mwaka 1922, na muuaji wake hajulikani hadi leo. Huyo hata jina lenyewe si lake la kuzaliwa.

Wa kwetu ni William Ernest Taylor, na naona vijana wengi wa Mvita hawamjui kabisa. Alizaliwa Uingereza mwaka 1856 na akashuka Mombasa 1880, mmishenari wa Kianglikana katika mji wa Waislamu. Mji ulibaki na dini yake. Lakini yeye alinaswa na lugha. Wamishenari wengi walikuwa wakifuata Kiunguja alichokiandikia vitabu Askofu Steere, naye akashikilia Kimvita. Mwaka 1891 alitoa kitabu cha methali za Waswahili, na mwaka huohuo kingine cha msamiati wa Kigiriama.

Lililo kubwa zaidi ni mashairi ya Muyaka bin Haji. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, kwa hivyo Taylor alipofika miaka 40 ilikuwa imepita na tungo zake nyingi zilikuwa zikiishi vinywani mwa wazee. Kila jeneza likitoka, na beti zilikwenda. Aliyezikusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Yeye ndiye aliyeziandika kwa herufi za Kiarabu, akamfafanulia Taylor maana, mafumbo na visa vya kila shairi. Taylor alizinakili kwa herufi za Kirumi na kuongeza maelezo. Kwa jina lake Mwalimu aliitwa Sikujua, na kumbe yeye ndiye aliyejua.

Simnyimi Taylor haki yake. Bila yeye huenda karatasi hizo zingeliwa na mchwa. Ila mwanafunzi hawezi kuhesabiwa mbele ya mwalimu wake, na sifa zote nizionazo zikiandikwa zinaanzia kwa Mzungu.

Taylor alifariki mwaka 1927. Mwaka uliofuata ulifanyika mkutano wa lugha, tena hapahapa Mombasa, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ndiyo sababu sisi tulioandika mato na ndia katika insha za shule tulipigwa mkasi wa wino mwekundu.

Mwaka 1940 William mwingine, Hichens, aliichapisha Diwani ya Muyaka kule Johannesburg kutokana na karatasi za Taylor. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, na hicho ndicho wengi wetu tulichokisomea.

Karatasi zenyewe ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na huitwa kwa jina la Taylor. Hapa Mvita, katika kutembea kwangu kote, sijaona shule wala mtaa ulioitwa kwa jina la Mwalimu Sikujua.