Herbert Chapman, Mwalimu wa Kandanda

Muhula uliopita, baada ya timu yetu kufungwa na shule tuliyoidharau, nilimwondoa kijana mmoja kikosini kwa sababu alisababisha penalti. Likizoni nilisoma habari za Bwana Herbert Chapman wa Uingereza, na tangu hapo moyo wangu haujatulia. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wetu maisha yake, mema na mabaya, kisha niseme lililonipata.

Chapman alizaliwa tarehe 19 Januari, 1878, katika kijiji cha Kiveton Park, mkoa wa Yorkshire. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Kijana huyu alisomea uhandisi wa migodi, na huku akicheza mpira katika timu nyingi. Lakini hakuwa mchezaji mkubwa. Wengi walimkumbuka kwa viatu vyake vya rangi ya manjano kuliko kwa magoli yake. Vijana mnaokaa benchi, msikate tamaa!

Mwaka 1907 alishika timu ya Northampton Town, iliyokuwa mkiani, na mwaka 1909 ikachukua ubingwa wa Ligi ya Kusini. Mwaka 1912 akaenda Leeds City. Huko ndiko alikopatwa na balaa. Mwaka 1919 klabu hiyo ilishtakiwa kwamba iliwalipa wachezaji kinyume cha sheria wakati wa vita. Wakubwa wake walikataa kutoa vitabu vya hesabu, klabu ikavunjwa, na Chapman akafungiwa. Alijitetea kwamba wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha silaha, na mwishowe adhabu ikaondolewa.

Mwaka 1921 aliingia Huddersfield Town. Mwaka 1922 wakachukua Kombe la F.A., na mwaka 1924 na 1925 wakawa mabingwa wa ligi. Alipoondoka kwenda Arsenal ya London, timu aliyoijenga ikachukua ubingwa mara ya tatu mfululizo. Mimi naona hicho ni kipimo kizuri cha mwalimu: je, kazi yake husimama baada ya yeye kuondoka?

Mwaka huo huo wa 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Zamani mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Sasa wawili walitosha. Magoli yakawa mengi. Mwezi wa Oktoba Arsenal ilifungwa 7 kwa 0 na Newcastle. Nahodha Charlie Buchan alishauri kwamba sentahafu arudi nyuma kati ya mafulbeki wawili, na mshambuliaji mmoja arudi katikati kujaza pengo. Chapman alikubali. Hapa ndipo ninapomsifu zaidi: alikuwa mkubwa, lakini alikalisha wachezaji wake mkutanoni na kuwasikiliza. Matunda hayakuja upesi. Mwaka 1927 walishindwa na Cardiff City katika fainali ya kombe, na kombe la kwanza likapatikana mwaka 1930. Ubingwa wa ligi ukafuata mwaka 1931 na 1933.

Tena alikuwa mtu wa kuona mbali. Alitaka mpira uchezwe usiku kwa taa za umeme na wachezaji wavae namba mgongoni, wakati wakubwa wa mchezo walipokuwa wakikataa. Mwaka 1932 stesheni ya reli ya chini ya ardhi iliyo karibu na uwanja wao ikapewa jina la Arsenal.

Lakini alikuwa na ila zake. Mwezi wa Januari, 1933, Arsenal ilikutana na Walsall, timu ya daraja la tatu. Baadhi ya wachezaji wake wakubwa walikuwa wagonjwa au wameumia, naye akaweka wageni badala yao. Walifungwa 2 kwa 0. Fulbeki Tommy Black, mmoja wa wageni hao, ndiye aliyesababisha penalti iliyoleta goli la pili. Siku chache tu baadaye aliuzwa kwa Plymouth Argyle. Aliyechagua kikosi ni Chapman. Aliyelipa ni Black.

Ila ya pili ni kwamba hakujua kupumzika. Mwanzoni mwa mwaka 1934 alipata mafua, akakataa shauri la daktari, akaenda kutazama timu ya tatu ikicheza katika baridi. Mafua yakageuka homa ya mapafu, akafa tarehe 6 Januari, umri wake miaka 55. Arsenal ikachukua ubingwa mwaka huo na mwaka uliofuata.

Basi nikimpima, mizani inalalia upande wa wema. Lakini nilipofika kwenye habari ya Black nilifunga kitabu, kwa maana nilijiona mwenyewe. Kijana wetu alikuwa amezoea kucheza mbele. Mimi ndimi niliyemweka nyuma siku ile, bila mazoezi. Siku ya kufungua shule nilimwita, nikamwambia kosa lilikuwa langu, nikamrudishia jezi yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda uwanjani. Tutacheza na shule ile tena muhula huu, na safari hii atacheza mahali pake.